Tabibu Tusekile na Meno ya Njano

Wasikilizaji wapendwa, poleni na baridi. Leo tunamkumbuka Tusekile, tabibu wa meno, aliyetutoka wiki iliyopita kwa maradhi ya moyo. Ndiye yule aliyewapaka watoto wetu dawa ya njano shuleni.

Twende shuleni Mpuguso. Siku hiyo Tusekile aliwapaka darasa la kwanza vanishi ya floraidi. Dawa hiyo huimarisha ganda la nje la jino lisioze. Huacha unjano kidogo, na kesho yake ukipiga mswaki unatoka. Watoto waliambiwa. Wazazi, jamani, hakuna aliyewaambia.

Lugano, mmoja wa watoto hao, akarudi nyumbani, akamchekea mama yake, Prisca. Meno ya njano, na mwili unachemka. Prisca akapiga yowe, akambeba mtoto kurudi shuleni. Akina mama wakatoka shambani na vikapu vya chai mgongoni, wakamfuata. Nilikuwepo, wasikilizaji, na niliogopa. Hawakutukana. Walimzunguka tu Tusekile.

"Umempa mwanangu sumu," Prisca alisema. "Kama ni dawa, mpake wako."

Tusekile alikuwa na mtoto mmoja tu, Hellen, wa darasa la pili hapo hapo. Akamwita. Akampaka mbele yao, jino moja moja. Kisha akambeba Lugano mpaka zahanati, akapimwa, ikawa malaria. Hata hivyo akina mama hawakusadiki. Asubuhi walikuja kumtazama Hellen kama yu hai. Walimkuta anacheza rede.

Tangu hapo tukamwita Tusekile jasiri. Lakini mumewe, Geresoni, ameniambia jambo.

"Mke wangu aliogopa sana. Dawa aliijua ni salama. Ila alisema, 'Baba Hellen, homa haipigi hodi. Huyu akiipata leo, nani atanisikiliza tena?' Akawa anamgusa Hellen paji la uso kila mara, mpaka mtoto akakasirika."

Ndugu zangu, hofu ya mzazi haina kosa. Lakini tuulize kwanza, ndipo tubebe vikapu. Na ninyi wenye dawa, tuelezeni mapema.

Pole sana Geresoni. Pole Hellen. Mungu awashike.

Juzi msibani Hellen alilia mpaka mwili ukapata joto. Nilimwona Prisca amempakata, kiganja kwenye paji lake la uso. Nikamwambia, mama, pumzika, mpeleke kwa shangazi zake.

Akanikatalia. "Huyu sasa ni wangu," alisema.

Ndaga fijo, asante sana, Tusekile.