Bibi Sori wa Mlandege

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria jikoni, punguza moto kwanza, halafu njoo ukae.

Leo tunamkumbuka Verediana Kihwele. Tumemzika Jumamosi, hapa Iringa. Alikuwa na miaka themanini na saba. Wengi wenu jina hilo hamlijui. Nikisema Bibi Sori wa Mlandege, hapo mtamjua.

Sitawaambia alikuwa malaika. Alikuwa mkali, hasa kwa mtu anayeacha mlango wazi. Lakini ukijikwaa mbele yake, atasema, "Sori." Ukipiga chafya, "Sori." Jirani yake wa miaka arobaini, Bi Mwamvita, ameniambia hivi: "Nilikuwa nikikohoa upande wangu wa ukuta, namsikia upande wake, 'Sori, Mwamvita.' Siku nyingine najibana nisikohoe, nimpumzishe bibi wa watu."

Wajukuu wanadhani ulikuwa utani wa uzeeni. Haukuwa utani. Neno hilo lina kisa chake, kwenye kijiji kimoja kidogo cha Uingereza, mwaka 1954, na nusura limpeleke jela.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1952 Verediana ni mjane wa miaka ishirini na miwili. Ana mtoto mmoja, Esta. Anafanya kazi kwenye shamba la tumbaku la Mzungu mmoja, nje ya mji wa Iringa. Kazi yake ni bandani. Tumbaku ikirundikwa na unyevu, huchemka kwa ndani. Kwa nje huoni kitu. Basi wanawake huingiza mkono kwenye rundo, hadi kiwiko, wapime joto. Mkono wa Verediana ulikuwa haukosei. Shikeni hilo la mkono, tutalirudia.

Baadaye bibi wa shamba, Memsaabu, akamtoa bandani akamfanya yaya wa mtoto wake. Februari 1953 mama mkwe wa Memsaabu akaugua huko kwao. Familia ikafunga mizigo. Memsaabu akamwambia Verediana, "Twende wote, mwaka mmoja tu." Esta alikuwa na miaka miwili. Akaachwa Mlandege kwa bibi yake.

Mwaka mmoja. Alikaa mitatu kasoro mwezi.

Kijiji chenyewe kilikuwa kidogo kuliko soko letu. Kanisa moja la mawe, duka moja, nyumba kama thelathini, na milango mifupi kama ya banda la kuku. Kuzunguka kote ni malisho, ng'ombe wanene, na ua wa miiba kati ya shamba na shamba. Wasikilizaji wa Mufindi mnaujua ukungu. Huko ukungu ulikuwa unaingia na viatu hadi kitandani. Verediana aliamka saa kumi na moja, akawasha jiko la makaa, akafua nepi kwa maji yanayouma, akampeleka mtoto matembezi kwenye matope, akarudi kumgeuza mgonjwa. Jumapili ilikuwa hivyo hivyo. Esta, binti yake, anasema: "Mama hakuwahi kutuhadithia uzuri wa Ulaya. Ukimuuliza Ulaya kukoje, anasema, 'Miguu iliniuma.' Basi."

Kiingereza alikuwa nacho kidogo, cha shule ya misheni. Masista walimfundisha maneno. Maji, mkate, asante. Na neno pole walimwambia ni sori. Hawakumweleza zaidi. Na sisi tunajua pole ilivyo. Haihitaji kosa. Mtu amechoka, pole. Amenyeshewa, pole. Basi Verediana akawa anawapa sori watu wa kijiji kizima, kwa matope yao, kwa mafua yao, kwa mizigo yao. Wao wakamwona mwanamke mwenye makosa mengi sana.

Sasa, Septemba 1954. Mkulima wa jirani aliitwa Mzee Tomlin. Alikuwa amevuna majani ya ng'ombe wake mvua ikimnyemelea, akayarundika mabichi mabichi. Marundo mawili, kila moja kubwa kama nyumba. Verediana alikuwa anapita na mtoto. Akasikia harufu. Harufu aliijua, ni ile ya bandani. Akaingiza mkono hadi kiwiko, akautoa haraka. Akamtafuta Mzee Tomlin, akamwambia kwa Kiingereza chake, "Moto. Moto, mzee." Mzee akamtazama juu mpaka chini, akaendelea kukamua.

Siku ya tatu, saa nane mchana, rundo la kwanza likawaka lenyewe. Liliungua lote. Chakula cha ng'ombe cha kipupwe chote.

Na Verediana akafanya nini? Alichofanya ndicho ambacho mama yeyote wa Kihehe angefanya. Alikwenda kumpa mzee pole. Alipiga goti kwenye matope, mbele ya kijiji kizima, akafumba viganja, akasema, "Sori, mzee. Sori sana."

Wasikilizaji wapendwa, wekeni mambo hayo mawili pamoja. Kabla ya moto alisema moto. Baada ya moto alipiga goti akasema sori. Kwa wale watu, amekiri.

Asubuhi yake akaja askari kwa baiskeli. Verediana akakalishwa jikoni. Memsaabu akasimama kutafsiri, lakini Kiswahili cha Memsaabu kilikuwa lete, peleka, haraka. Alikuwa amekaa Iringa miaka sita, na hakuwahi kulihitaji neno pole. Kabla askari hajaanza, alimwambia Verediana, "Sema ukweli. Ukifungwa huku, mtoto wako utamkuta ameolewa."

Esta ameyasikia mazungumzo hayo mara nyingi, maana hiki ndicho kisa pekee cha Ulaya ambacho mama yake alikubali kukisimulia. Yalikwenda hivi.

"Ulimwambia Tomlin sori?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Majani yake yameungua."

"Kwa hiyo uliyachoma wewe."

"Hapana."

"Sasa sori ya nini?"

"Majani yake yameungua."

"Mwanangu," Esta ananiambia, "walizunguka hapo kama ng'ombe wa kupura mpunga. Mama yangu alishachoka. Alisema alikuwa anamwona bibi yangu amenibeba mgongoni, na mimi nazidi kuwa mrefu, nazidi kuwa mrefu, miguu inaburuza chini, na yeye bado yuko kwenye kile kiti."

Askari akainuka, aende kuandika maelezo yake. Alikuwa mrefu. Niliwaambia milango ya kule ni mifupi. Akajigonga paji la uso kwenye boriti, pu.

"Sori," akasema Verediana.

Askari akageuka, ameshika kichwa. "Umenigonga wewe?"

"Hapana."

"Mlango huu umeujenga wewe?"

"Hapana. Sori."

Askari akarudi kukaa. Akamwangalia. Kisha akauliza swali ambalo kwa mwaka mzima na nusu hakuna mtu kijijini aliyeliuliza. "Kwenu, mtu akisema sori, anamaanisha nini?"

Verediana akatafuta maneno. Akagusa paji lake la uso, pale pale askari alipoumia, akakunja uso kama anayeumwa yeye. Askari akafunga daftari.

Halafu akauliza habari ya moto. Verediana alimchukua hadi kwenye rundo la pili, akamwonyesha aingize mkono hadi kiwiko. Askari aliutoa haraka kuliko Verediana. Kijiji kikaitwa, rundo likabomolewa, majani yakatandazwa shamba zima yapoe. Na Verediana naye alishika uma wa shambani akatandaza, mpaka mabega yakagoma. Ng'ombe wa Tomlin walikula majani hayo hadi majira ya joto.

Mzee Tomlin alileta mayai kumi na mawili kwenye kikapu. Aliyaweka mlangoni akaondoka. Memsaabu alimpa Verediana alasiri moja ya kupumzika. Mayai yalikuja, alasiri ilikuja. Neno halikuja. Katika kijiji kile ambako sori ni neno la mkosaji, hakuna aliyemwambia sori.

Verediana aliomba kurudi mwezi ule ule. Akaambiwa asubiri mgonjwa apate nafuu. Akasubiri miezi kumi na sita.

Januari 1956 akashuka kwenye basi, Iringa, mvua inanyesha. Akapanda kwa miguu hadi Mlandege na sanduku kichwani. Esta alikuwa na miaka mitano. Namwachia aseme mwenyewe.

"Nilikuwa nacheza uani. Nikaona mwanamke ana koti refu. Bibi akamsalimu kwa Kihehe, 'Kamwene, mwanangu, umefika,' akaanza kulia. Mimi nikaogopa, nikakimbia, nikateleza, nikachubuka goti. Yule mwanamke akaweka sanduku chini, akasema, 'Sori.' Nikamuuliza bibi, 'Huyu anasemaje?' Bibi akasema, 'Anasema pole. Ni mama yako.' Nikasema, 'Mama yangu yuko Ulaya.'"

Miezi miwili Esta alilala kwa bibi yake. Verediana hakumlazimisha. Alirudi kwenye banda la tumbaku, shamba jingine, akaingiza mkono kwenye marundo miaka ishirini. Mtoto akamrudia polepole. Lakini hawakuwahi kuzungumza habari ya yeye kumwacha Esta ile miaka mitatu. Hata siku moja.

Wiki mbili zilizopita, Verediana alikuwa hajiwezi. Esta alikuwa anamwosha. Naye Esta ana goti bovu, uzee, akainama vibaya, akaguna. Mama yake akafumbua macho. Akamshika mkono, hapa juu ya kiwiko, akasema, "Sori, Esta." Hakusema neno jingine. Siku ya pili akafa.

Nilimwambia Esta, si alikupa pole ya goti? Akasema, "Mwanangu, nimekaa na neno lile wiki mbili. Sijui lilikuwa la goti, au lilikuwa la miaka ile mitatu. Nilipaswa kumuuliza. Hata yule askari aliuliza."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki, Bi Esta, wajukuu, Bi Mwamvita na Mlandege yote, poleni. Mmesikia vizuri, ni poleni. Mungu ampumzishe Verediana. Alichoka.

Na sisi tuliobaki. Kiswahili kimetupa maneno mawili pale ambapo yeye alikuwa na moja. Pole tunaigawa kutwa, hadi kwa kuku aliyenyeshewa. Samahani tunaibana, hasa sisi wazazi, na hasa kwa watoto wetu. Mimi nina wanne, nasema ninachokijua. Kama kuna mtu nyumbani unapaswa kumwambia neno hilo, mwite sasa, kabla hamjala. Na ukimwambia, taja kosa lenyewe, asije akabaki anabahatisha.