Nakada Anayeinama Mpaka Gari Lipotee

Jumapili ya tarehe 31 Machi 2024, Bwana Nakada Yoshiharu atastaafu baada ya kulitumikia duka letu kwa miaka arobaini na mmoja, yote katika idara ya mauzo, yote kwenye meza ile ya dirishani, na kwa kadiri tunavyokumbuka, kwa tai mbili. Meneja wetu, Bwana Iwase, ameniomba mimi, Mizushima Kayo wa mapokezi ya matengenezo, niandike wasifu huu kwa ajili ya ratiba ya sherehe. Ameniomba niwe mfupi na nisiitaje habari ya Hiroshima. Nitajitahidi kuwa mfupi.

Nakada alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1958 katika mji wa Koromo. Wiki chache baadaye mji ukabadilishwa jina kwa heshima ya kiwanda, ukaitwa Toyota. Kwa hiyo alizaliwa Koromo, akajifunza kutambaa Toyota, na nyumba yao haikusogea. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa hariri tangu enzi ambazo mji huu ulijulikana kwa hariri, na jina jipya hakulikubali hadi anaingia kaburini. Barua zilizoandikwa jina hilo alimrudishia tarishi. Mwanawe alipokuja kumwambia kuwa amepata kazi ya kuuza magari hayo hayo, mzee aliweka kikombe chini akauliza, "Sasa watakupa gari, au na wewe watakubadilisha jina?"

Mzee alikuwa na sababu ya kuuliza. Ukoo ulioanzisha magari haya ni Toyoda, kwa da. Walianzia kwenye mashine za kufumia nguo, na mashine zao zilisifika kwa jambo moja: uzi ukikatika, mashine inasimama yenyewe, haiendelei kufuma upuuzi. Walipoingia kwenye magari miaka ya thelathini, waliitisha shindano la nembo, na hapo ndipo likazaliwa Toyota, kwa ta. Katika maandishi yetu, da na ta zinatofautiana kwa vinukta viwili tu vinavyokaa begani mwa herufi. Ukivifuta, jina lote linaandikwa kwa mistari minane ya kalamu, na nane kwetu ni namba ya heri. Basi wakavifuta.

Nakada naye anavyo vinukta hivyo. Wateja humwita Nakata, benki humwita Nakata, na jarida letu la wafanyakazi limemwandika Nakata miaka nenda miaka rudi. Kila jarida likitoka huja mezani kwangu akiwa amelikunja kwapani. "Da, Kayo. Da. Wenzetu walitupa vyao wakapata dunia nzima. Mimi vyangu niachieni, ndivyo nilivyonavyo."

Hadithi hii ya uzi na vinukta amemsimulia kila aliyeingia mlangoni, awe anataka gari au amekuja kuomba choo. Wapo walionunua ili anyamaze. Tuzo ya muuzaji bora wa mkoa ameipata mara tatu, na mara zote tatu aliipokea kwa uso wa mtu aliyepewa mzigo wa jirani amshikie.

Msomaji atafikiri kuuza Toyota katika mji unaoitwa Toyota ni kazi ya kumsukuma mlevi kwenye mteremko. Haijawa hivyo. Adui mkubwa wa muuza Toyota ni Toyota yenyewe. Sifa yake ni kwamba haifi, na mteja ambaye gari lake halifi hana haja na muuzaji. Mama Isomura, mwenye duka la miso, ile rojo ya soya ya kutilia supu, mtaa wa nyuma, alinunua Corolla kwa Nakada mwaka 1991. Tangu hapo kila akija kwenye ukaguzi Nakada humwandalia chai, humfungulia milango ya magari mapya, humwonyesha viti vinavyopata joto vyenyewe. Mama Isomura hukalia kiti, hukisifu, kisha husimama. "Kitamu kweli. Langu likifa nitakuja."

"Mama, haliwezi kufa. Mimi ndiye niliyekuuzia."

"Basi ungeniuzia bovu, tungekuwa tunaonana mara kwa mara."

Magari ya zamani ambayo Nakada amefaulu kuyatoa mikononi mwa wenyewe hupelekwa bandarini Nagoya, na mengine huvuka bahari mpaka Afrika. Wazee hupenda kuuliza gari lao limeishia wapi, kama mtu anayeulizia mtoto aliyeolewa mbali. Nakada huwajibu kwa upole kwamba huko limeanza ujana wake wa pili, lina maandishi yetu ubavuni bado, na limebeba watu wengi kuliko lilivyowahi kuota. Wazee hufurahi mno. Mmoja alileta keki ya mchele akaomba ipelekwe pamoja na gari.

Lakini jambo lililomfanya Nakada ajulikane mjini ni kuinama. Kila duka la magari hapa lina desturi hiyo: mteja akiondoka, muuzaji anamsindikiza hadi ukingo wa barabara, anamsimamishia magari mengine, kisha anainama mpaka gari lipotee machoni. Wengi wetu tunainama mpaka gari lipotee machoni petu, na macho yetu ni mafupi hasa wakati wa baridi. Nakada anainama mpaka lipotee kweli. Barabara yetu imenyooka, na mbele yake kuna taa zinazokaa nyekundu kwa muda ambao mtu anaweza kumenya chungwa. Gari likisimama pale, yeye naye yuko vilevile, kichwa chini, mvua ikimwingia kwenye kola. Mteja anamwona kwenye kioo, anaona haya, na wapo waliopita taa nyekundu ili tu wampumzishe kiuno.

Sasa nafika kwenye Hiroshima. Bwana Iwase atanisamehe, maana wasifu wa Nakada bila hiyo ni kama wasifu wa mtu mwingine.

Mwaka 1986 Nakada alikwenda Hiroshima kumposa Bi Fusae. Baba mkwe alikuwa fundi wa kufungia magari milango kiwandani maisha yake yote, na kama mjuavyo, Hiroshima wana kiwanda chao cha magari, washindani wetu. Humu dukani jina la magari hayo hatulitamki. Tunasema tu "ya Hiroshima", kwa sauti ambayo watu hutumia wakitaja ugonjwa. Yule mzee alimtazama mkwe wake mtarajiwa na ile tai, akasema, "Binti nakupa. Gari lake usiliguse." Bi Fusae akaja mjini kwetu kama bibi harusi, akiendesha mwenyewe, na gari lenyewe ni la Hiroshima.

Hapa dukani hakuna kanuni iliyoandikwa kwamba gari la namna hiyo lisisimame mbele ya mlango. Hakuna pia kanuni iliyoandikwa kwamba mtu asivue suruali kazini. Tangu ndoa yao, Bi Fusae amekuwa akiegesha nyuma ya duka la miso la Mama Isomura, kisha anakuja kwa miguu na kikasha cha chakula cha mchana cha mumewe, masika na theluji. Anamkabidhi, anatusalimia sote, anarudi alikotoka. Gari limebadilika mara kadhaa, lakini halikuwahi kuacha kuwa la Hiroshima.

Na Nakada hakulipanda. Alisema, "Wateja wangu wakiniona humo ndani, nitawaambia nini kuhusu uzi na vinukta?" Bi Fusae akamjibu, "Hupandi langu, sipandi lako, baba. Tutaonana mezani." Naye akashika neno lake kama alivyolishika mumewe. Wakienda likizo Gero kwenye maji ya moto walikwenda na magari mawili, mama mbele kwa sababu ndiye mwenye mwendo, baba nyuma, mtoto mmoja huku na mmoja kule, wakibadilishana watoto kwenye vituo vya kupumzikia. Watoto hao sasa ni watu wazima. Wote wawili wanapanda treni.

Tumecheka sana kwa habari hizi, na mimi nimecheka kuliko wote. Lakini ukikaa ukafikiri, hao ni watu wanaopendana, wameishi nyumba moja miaka yote hiyo, na hawajawahi kukaa bega kwa bega wakatazama barabara moja. Hilo halichekeshi. Linanikera kila ninapolikumbuka.

Mara moja tu Nakada aliingia kwenye gari hilo, nalo hatukupaswa kulijua. Ilikuwa mchana wa kiangazi, siku yake ya mapumziko, jiwe la figo likamshika nyumbani. Gari la wagonjwa alilikataa kwa kuona haya, lake hawezi kuliendesha, na mkewe hapandi lake hata kwa jiwe. Akakubali kulala kiti cha nyuma cha la Hiroshima kwa sharti afunikwe blanketi gubigubi. Bahati haikuwa yake, taa zetu zikawaka nyekundu. Nilikuwa nje nafagia. Bi Fusae akashusha kioo.

"Hujambo, Kayo. Nimebeba godoro, nalipeleka kufuliwa."

Godoro likaguna.

"Pole ya godoro, Bi Fusae," nikamwambia. Viatu vya godoro vilikuwa vimetokeza, vimepigwa rangi vizuri, na kila mtu dukani anavijua. Taa zilipogeuka niliinama mpaka wakapotea. Sijui kwa nini niliinama. Naona ilistahili.

Mwaka huu, tarehe ya kustaafu ilipokaribia, Bi Fusae alimwekea mumewe sharti lake la kwanza na la mwisho. Alimwambia akiwa anampa kikasha, mbele yetu sote, wala hakupaza sauti. "Siku ile sitaegesha kwa Mama Isomura. Nitakuja mlangoni. Utakaa kiti cha mbele, au utarudi nyumbani kwa miguu na maua yako." Akatusalimia, akaondoka.

Bwana Iwase aliposikia aliona giza. Siku ya sherehe mwenye duka atakuwepo, picha za jarida zitapigwa pale pale mlangoni, na mbele ya nembo yetu kutasimama ya Hiroshima. Akaja na mpango wake: duka litoe Crown mpya, ipambwe utepe, imfikishe mstaafu nyumbani kwa heshima. Ni mpango mzuri. Tatizo lake ni kwamba Bi Fusae angerudi peke yake na gari tupu, baada ya kumsubiri mtu miaka thelathini na minane.

Nakada aliwakubalia wote wawili. Alikwenda kwa meneja akasema asante, akaenda kwa mkewe akasema sawa, na kwa wiki nzima akawa anauza vibaya. Hata hadithi ya uzi aliikatia njiani, jambo ambalo halijawahi kutokea. Niliwaza kwamba pengine mashine imesimama yenyewe.

Jumanne iliyopita Bi Fusae alileta chakula kama kawaida. Alipogeuka kuondoka, Nakada aliweka kikasha mezani akamfuata. Akamsindikiza hadi nyuma ya duka la miso, akamfungulia mlango wa gari, akatoka barabarani kumsimamishia magari, kisha akainama. Haya aliyashuhudia Mama Isomura kutoka kwenye mapipa yake, na mji mzima ukayajua kabla ya saa kumi. Bi Fusae aliondoka, akafika kwenye kona, akamwona kwenye kioo bado yuko chini, akauzunguka mtaa mzima akarudi. Nakada alikuwa palepale.

"Baba, inuka. Nimeshapotea tayari."

"Siwezi. Kiuno kimekataa."

Wakamwinua wanawake wawili, mmoja kila upande. Aliporudi dukani alikuja mezani kwangu akiwa amejikunja kidogo, bila jarida kwapani. "Kayo," akasema, "nimewainamia wake za watu wote wa mji huu. Wangu leo ndiyo mara ya kwanza." Kisha akaomba dawa ya kuchua.

Ratiba aliyoniletea Bwana Iwase niichape ilisema kwamba baada ya hotuba na maua mstaafu ataondoka kwa gari la duka. Nimechapa kwamba mstaafu ataondoka na mkewe, kwa gari la mkewe, kutoka mlango wa mbele. Mabadiliko haya yamefanywa kwa idhini ya meneja, ambayo meneja ataitoa atakaposoma aya hii, kwa kuwa nakala zote zimeshagawiwa, ya mwenye duka ikiwa ya kwanza. Mama Isomura ameahidi kuja na Corolla yake na kuiegesha ubavuni, ili picha iwe na Toyota inayoonekana vizuri.

Wafanyakazi wote, wa mauzo, wa matengenezo na wa uhasibu, tutajipanga ukingoni mwa barabara. Vijana wa mauzo watawasimamishia magari mengine. Kisha tutainama, na kwa mara moja tutainama kama alivyotufundisha. Taa zitakuwa nyekundu, huwa nyekundu daima. Asiinuke mtu kabla ya la Hiroshima kupotea kweli, kwa kipimo cha Nakada, siyo cha macho yako wewe mwenye baridi.

Bwana Nakada, kwa da, asante kwa miaka yote, kwa chai uliyowapa wasionunua, kwa kiuno chako kilichotupatia jina jema mji mzima. Bi Fusae, asante kwa kututembelea kwa miguu. Tunawatakia nyote wawili maisha mema na barabara ndefu isiyo na vituo vya kubadilishana watoto. Ukiingia kaa wima, Nakada, ufunge mkanda, utupungie mkono kupitia dirisha lililo wazi. Safari hii blanketi liache nyumbani.