Godefroid Nkandu, Mchoraji wa Umbali Ndani ya Makabati ya Kioo

Marehemu Godefroid Nkandu alizaliwa Kongolo tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa mfanyakazi wa reli. Alibatizwa juma hilohilo, kwa maana alizaliwa dhaifu na mama yake hakutaka kubahatisha. Woga, tuseme ukweli, alikuja nao duniani. Mwaka 1969 baba yake alihamishiwa Lubumbashi, familia ikapanga Kamalondo katika ua wenye kisima. Godefroid hakukisogelea kisima kile hata siku moja. Maji alitekewa na dada zake, nao walimcheka mpaka alipooa.

Alisoma kwa mapadri, kisha akasomea uchoraji na kupata diploma Julai 1982. Nyuso za watu zilimshinda. Hata picha ya mama yake ilifanana na mtu mwingine. Alichokiweza ni umbali.

Kuanzia 1985 hadi alipostaafu 2021 alitengeneza makabati ya maonyesho katika jumba la makumbusho. Kabati lenye kina cha sentimita arobaini alilifanya lionekane lina kilomita tano. Alikunja ubao wa nyuma ili kona zisionekane, akainua sakafu kidogo kidogo, akapaka vilima vya mbali bluu hafifu, akaficha taa juu. Watoto wa shule walibandika pua kwenye kioo wakitafuta mto unaishia wapi. Yeye alisimama nyuma yao na kuvimba kichwa. Mkewe alimkanya kwa hilo miaka mingi, bila mafanikio.

Mke huyo ni Germaine Mwila, mshonaji, aliyefunga naye ndoa tarehe 10 Agosti 1996 na kuhamia naye mtaa wa Bel-Air. Mungu aliwajalia Keren mwaka 1999 na Fils mwaka 2002.

Mwaka jana Fils, aliyemaliza masomo na kukosa kazi, alisema anakwenda kuchimba shaba kwa mikono kwenye kilima kimoja ng'ambo ya Kinsevere, kisicho cha kampuni yoyote. Godefroid hakugombana naye. Alijifungia uani miezi mitatu akamtengenezea kabati: handaki la mgodi lenye nguzo za miti, ya mbele nene kama mkono, ya mwisho kama njiti ya kiberiti, na nyuma yake giza. Alitaka mwanawe aogope. Hakuwa na silaha nyingine.

Fils aliinama kutazama, akarudi nyuma hatua mbili.

"Papa, inaenda mpaka wapi?"

Hapo angenyamaza. Lakini majirani walikuwa wamejaa uani wakisifu, na fundi akashindwa kujizuia. Akafungua ubao wa pembeni, akaushika mkono wa mwanawe, akauingiza mpaka ukagusa mwisho.

"Njo hii tu?" Fils akauliza, asiamini kuwa ndiyo hiyo tu.

"Njo hii tu. Quarante centimètres, arobaini. Ingine yote iko rangi."

Watu wakacheka sana. Fils naye akacheka, akasema, "Basi papa, uko unaogopa rangi." Jumatatu iliyofuata alikwenda kilimani.

Tangu siku hiyo Godefroid hakuwa na raha. Alisema ni yeye aliyemtoa mwanawe woga, na hakuna aliyeweza kumwondoa katika wazo hilo. Kila jioni saa kumi na moja Fils alipiga simu kusema ametoka shimoni. Kuanzia saa kumi baba yake alikaa ameishika simu kwa mikono miwili, na Germaine hakuthubutu kumsemesha.

Jumanne tarehe 4 Novemba 2025, baada ya mvua kubwa, simu haikulia. Shimo lilikuwa limeporomoka, Fils na wenzake wawili wakiwa ndani. Godefroid, aliyekuwa na shinikizo la damu tangu 2017, alianguka Jumatano asubuhi akijiandaa kwenda huko na koleo. Hospitalini aliuliza jambo moja tu, kama wanaofukua shimo wamefika chini. Alhamisi alimwambia Keren, "Nikikufa, mutaandika bale naacha. Fils, mumuandike kwa bale beko bazima. Usimutoe, Keren," yaani asiondolewe kati ya walio hai. Alifariki Ijumaa tarehe 7 Novemba, saa nne asubuhi.

Seremala wa jeneza aliuliza kwa upole kama aanze la pili, kwani mbao zipo. Germaine alimjibu, "Moja tu, papa. Ya Fils hatujue kitu."

Wachimbaji wengine wa kilimani hawajaacha kufukua. Jana walisikia kugongwa mara tatu, kisha kimya. Leo asubuhi hawajasikia. Tunaogopa, na hatuoni haya kulisema mbele ya kaburi hili, maana aliyelala humu ndiye aliyeogopa kuliko sisi sote.

Marehemu ameacha mjane, Germaine Mwila, binti, Keren, na mwana, Fils, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, aliye hai.

Godefroid, ulale kwa amani. Fils, usilale bado.