Mbegu ya Bure

Masumbuko alikuwa amepakata fungu la miti ya mihogo ya kupanda, wala hakutaka kufuata maneno ya watu, lakini katika taksi ya Runingu masikio hayana mlango. Mbele yake, fundi mmoja wa ordinatere, yaani kompyuta, aitwaye Ismaili alikuwa akimkemea mwalimu Noella, ambaye walijuana njiani tu.

"Mwalimu, nani alikudanganya uweke hii programu ya Linux? Kitu ya bure haina mwenyewe. Lete, ntakurudishia ile ya zamani."

"Ile yenu ya kukopia ilimeza mitihani ya darasa langu," Noella akajibu, ameikumbatia mashine. "Hii niliiweka miye mwenyewe. Direkta wa shule yetu ananingoja Runingu. Alisema leo ikigoma, kazi ya kupiga chapa mitihani atapatia mwingine. Basi, nitaifungua mbele yake."

"Weye mama, uko na kichwa nguvu! Kazi utaipoteza juu ya kitu ya bure?"

Noella akamgeukia Masumbuko nyuma. "Papa, hiyo mbegu ulinunua?"

Masumbuko hakupenda kuingia ugomvi wa watu. "Jirani wa Nyakabere alinikatia," akasema polepole. Hakuongeza kwamba miti mingine hukauka. Hakuulizwa.

"Umesikia, fundi? Na itaota."

Taksi ikasimama Runingu, Noella akashuka. Direkta alikuwa kando ya barabara, mikono mgongoni.

"Ikikufa, uje kwangu!" Ismaili akapaza sauti.

Noella hakugeuka. Alikuwa amekwisha kuinua kifuniko cha mashine, palepale mavumbini, kabla direkta hajamsalimu.