Michée Tshiswaka, mwanajeshi aliyejifunza kusema

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Ni mimi Bijou, na leo mdomo wangu ni mzito. Namzungumzia mtu aliyekaa kwenye kiti hiki hiki, akanywa chai yangu bila kuuliza ni ya nani. Papa Michée Tshiswaka ametutoka. Tumemzika Jumamosi, hapa hapa Lubumbashi. Papa Michée wa habari za barabara kila asubuhi. Ndiyo, huyo huyo.

Sauti yake mliijua. Maisha yake hamkuyajua, kwa sababu siri ndiyo ilikuwa kazi yake.

Alizaliwa hapa hapa mjini, Kampemba, wazazi wake watu wa Kasai, baba fundi wa reli. Alisoma vizuri, akaingia jeshini, na huko wakamweka kwenye upelelezi. Msimfikirie mtu wa miwani nyeusi anayechungulia nyuma ya ukuta. Papa Michée alikuwa mchambuzi. Habari zilitoka vijijini na kwa askari wa doria, nyingine za kweli, nyingine uongo mtupu. Yeye alikaa mezani akizipima. Nani kasema? Aliona mwenyewe au aliambiwa? Akishapima, anampelekea mkubwa wake peke yake, basi. Alifanya hivyo miaka mingi.

Kisha akavua sare, akarudi nyumbani. Kila alipoomba kazi, waliuliza: jeshini ulikuwa unafanya nini? Naye anajibu: siwezi kusema. Nani atamwajiri mtu wa namna hiyo? Mjane wake, mama Perpétue, anacheka akikumbuka, machozi yakimtoka:

"Asubuyi anavaa chemise ya kupiga pasi, anaikala ku salon. Minamuuliza, Michée, unangojea nani? Anasema, minangojea ordre. Amri ya nani? Mu hii nyumba, chef njo miye!"

Mwishowe alipata kazi kwa patron Adrien, mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Butembo. Kamioni zake zilipeleka unga na sabuni hadi Mitwaba, na barabara ile mnaijua, mvua ikinyesha. Kazi ya papa Michée ilikuwa kujua njia ikoje kabla kamioni haijatoka. Aliiweza. Lakini madereva walimwogopa. Aliwauliza kwa upole mno, na upole ule ndio uliowatia shaka. Akipita, mazungumzo yanakatika. Walimwita Agent, yaani jasusi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Msimu wa mvua, mwaka ule wa kwanza, mama mmoja muuza maharagwe aliteremka kutoka upande wa Mitwaba, akamwambia kuna daraja limelegea. Papa Michée akampigia simu katekista wa kule. Katekista akasema hivyo hivyo. Watu wawili wasiojuana, neno moja. Akawa na uhakika. Akafanya alivyofundishwa: akampigia mkubwa. Patron Adrien alikuwa Sakania, simu imezimwa. Papa Michée akaacha ujumbe, akangoja.

Na pale pale uani, dereva Clément alikuwa anafunga turubai, tayari kwenda Mitwaba. Papa Michée alimsalimia. Hakumwambia kitu. Kwa akili ya jeshi, habari ile haikuwa yake kuitoa. Ilikuwa ya mkubwa.

Daraja lilikatika, kamioni ikaanguka. Clément alitolewa hai, mguu umevunjika vibaya. Nilimuuliza juzi, akaniambia:

"Alinisalimia muzuri. Akaniuliza hata batoto. Na alikuwa anajua! Pale njo roho yangu ilikatala kabisa."

Papa Michée alimfuata hospitalini. Hakujitetea. Alisema tu, "Nilijua, Clément." Clément akageukia ukutani.

Nyumbani alikataa kula bukari. Mama Perpétue anakumbuka maneno aliyomwambia: "Mu jeshi habari inapandaka tu, haishukake. Miye nilibakia na ile mwendo."

Patron aliporudi, kila mtu alijua Agent atafukuzwa. Yeye mwenyewe alikuja tayari kuondoka. Aliomba ruhusa moja tu, kusema na madereva kabla ya kwenda. Akapanda juu ya magunia ya unga, akatoa yote aliyoyajua juu ya barabara. Akawaambia: hili nina uhakika nalo. Lile nimelisikia kwa mtu mmoja tu, msiliamini sana. Kule sijui kitu. Madereva wa wafanyabiashara wengine nao wakasogea getini kusikiliza. Patron alinung'unika, mnawajua wafanyabiashara, lakini hakumfukuza. Asubuhi iliyofuata uani palijaa.

Sifa zile zikatufikia hapa redioni, tukamwita, ndivyo alivyofika kwetu. Siku ya kwanza kwenye maikrofoni hii, wasikilizaji wapendwa, alisoma habari kwa kunong'ona! Nilicheka hadi nikatoka nje. Nikamwambia, papa, huku tunataka wote wasikie. Akasema, "Nivumilie kidogo, mama." Nilimvumilia. Nilimpenda sana mzee yule.

Clément alipona, akarudi kwenye usukani na mguu wake uliopinda. Lakini hakumsemesha papa Michée. Mpaka asubuhi moja ya mvua, tukiwa hewani, simu ya studio ikalia. Ni Clément.

"Papa Michée, niko ku daraja. Mbao ya katikati imetoka. Ambia bantu bote basipite."

Papa Michée aliyaandika maneno yale, akanisogezea karatasi. Mimi ndiye niliyewasomea habari ile. Wengine mtakumbuka.

Kwenye kilio, Clément alikaa mbele pamoja na familia. Alisema, "Sikumusamehe mara moya. Nilikuwa namusikia ku radio kila asubuyi, kidogo kidogo hasira ikaisha."

Mama Perpétue, pole sana. Abigaëlle, binti yake, pole, mwanangu. Patron Adrien na madereva wote, poleni. Mungu ampumzishe.

Nanyi mnaonisikiliza, nawaomba kitu kimoja. Huenda leo kuna mtu anafunga mzigo wake mbele yako, na wewe unajua njia yake imeharibika. Usiishie kumuuliza habari za watoto.