Sylvesta Hatungimana, Aliyepiga Hodi Kwenye Ngome za Skotlandi

Baba Paroko, wazee wetu wa Titye, majirani wa Kasulu mjini, Wakristo kwa Waislamu, poleni kwa msiba, na asanteni kwa kukaa nasi tangu Jumapili. Mimi ni Venanti, mdogo wake marehemu, familia imeniteua nisome, na nikikwama katikati mnivumilie, maana huyu alikuwa kaka yangu na rafiki yangu.

Sylvesta alizaliwa hapa Titye tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa kwanza wa Mzee Ntirampeba, aliyevuka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa kijana, na Mama Immakulata, mzaliwa wa hapa hapa, aliyetutangulia mwaka 2008. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1987 hadi 1993, akaendelea na sekondari Kasulu hadi 1997, ambako walimu walimkumbuka zaidi kwa kuwapiga picha wakisinzia kuliko kwa hesabu, naye hakuwahi kukanusha.

Mwaka 1999 alianza kazi ya picha mjini, baadaye akafungua studio pamoja na mwenzake Nurudini, tuliye naye hapa, wakapiga video za harusi kuanzia Manyovu hadi Kibondo, na kama ulioa miaka ile na kitambi chako kinaonekana vizuri mno, lawama ni za marehemu. Tarehe 18 Septemba 2004 alifunga ndoa na shemeji yetu Goreti Uwimana, wakajaliwa watoto wawili, Manirambona na Daforoza.

Mwaka 2012 Mskoti mmoja aliyekuwa akihudumia wakimbizi hapa Kasulu aliziona video zake akazipenda, na Mei 2013 akamwalika kwao, akakaa miezi mitano na watu waliokuwa wakitengeneza filamu ya majumba ya kale. Huko ndiko alikofundishwa kurusha droni, yaani kile kindege chenye kamera, akakizungusha kwenye ngome ya Stirling juu ya mwamba wake, na kwenye magofu ya kando ya ziwa la Ness, ambako upepo ulikitupa cha kwanza majini. Kila alipofika kwenye lango alipiga hodi kwa sauti kabla hajarusha, akisema hupiti juu ya nyumba ya mtu bila kubisha, wenzake wakamcheka, na kabla hajaondoka wote walikuwa wanasema hodi.

Alirudi Oktoba na droni yake mwenyewe, watoto wa Kasulu wakaiita mbu wa Sylvesta, lakini hapa nyumbani haikuruka. Mzee wetu, siku walipokimbia Burundi, ndege ilipita chini chini juu ya mlima wao, na tangu hapo chochote kinachounguruma angani humwingiza migombani. Krismasi ile aliziangalia zile ngome zote kwenye kompyuta, kisha akauliza, “Na wenye nyumba wako wapi?” Kaka akamjibu kwamba walikufa zamani sana. Mzee akasema, “Ndiyo maana haiwasumbui. Mimi bado ni mzima. Hapa isiruke.”

Kaka alitii, lakini ilimuuma, aliniambia wazi kwamba amezunguka nyumba za wafalme, na nyumba anayoitaka ni hii moja, na baba yake akiwa uani.

Februari 2015 aliugua figo, akatibiwa Kigoma, na Aprili akapelekwa Mwanza. Mwishoni mwa Julai aliomba aletwe nyumbani, hali haikuruhusu, na habari hiyo ilipomfikia Mzee alipanda bodaboda hadi studio, akamwambia Nurudini, “Lete hicho kidudu chenu.” Jumamosi ya tarehe 1 Agosti, asubuhi, alisimama katikati ya ua amevaa koti, akaitazama droni juu ya kichwa chake mpaka ilipotua, na hakukimbia. Goreti anasema kaka aliangalia video ile kwenye simu mpaka wauguzi wakaikariri. Aliona midomo ya Mzee ikicheza, lakini kamera ile haichukui sauti, akapiga simu kuuliza, Mzee akaona haya, akasema, “Akija nitamwambia mwenyewe.” Kaka alifariki Jumapili tarehe 9 Agosti, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Kigoma na Mwanza, tunamshukuru Bi. Zaitun na majirani wa sokoni waliopika na kulea watoto, wapiga picha wenzake wote, na wewe Nurudini, hatuna la kukulipa.

Kaka, siku ile nilikuwa nimesimama karibu na Mzee, nikasikia, na leo asubuhi ameniruhusu nikwambie. Alisema, “Manuka, mwana wanje, urye.” Shuka, mwanangu, uje ule.

Sasa umeambiwa. Pumzika kwa amani.