Somo la Baada ya Chakula

Kando ya reli ya mji wa Thiès, mahali ambapo treni hazipiti tena, kuna jiko moja na benchi moja. Jiko ni la Mor, muuza kahawa ya Touba, ile ya pilipili na karafuu inayokuchoma koo kwanza ndipo ikuamshe. Benchi ni letu. Tumelitandika ngozi ya kondoo aliyechinjwa na Birahim Diop sikukuu ya Tabaski, na makalio yetu yameshaanza kuinyonyoa manyoya. Ijumaa wazazi tulikutana shuleni, wanaume watupu, tukapiga kura somo la uzazi liondolewe kidato cha tatu. Mwalimu Sène, mama wa watu, aliuliza neno moja tu: nani atawafundisha basi? Birahim akasimama. “Sisi baba zao. Nyumbani.” Tukampigia makofi. Mwalimu akafuta ubao. Leo Jumapili, na Birahim amemwahidi bintiye Yacine kwamba baada ya chakula cha mchana watakaa wazungumze. Ndiyo maana anaagiza kikombe juu ya kikombe.

— Jamani, naanzia wapi? akauliza.

— Anza na bismillahi, akasema Spika, tuliyempa jina hilo kwa kuwa redio yake na mdomo wake havizimwi.

— Halafu?

— Halafu umkemee.

— Kwa kosa gani?

— Atalijua mwenyewe.

Daktari akacheka puani. Ukoo wake ni Ndiaye. Zamani aliwahi kuendesha gari la wagonjwa, jina likamganda.

— Nyie hamna elimu. Wahenga walishamaliza: mficha uchi hazai. Sasa sisi si tumeficha? Watazaaje?

— Methali hiyo haina maana hiyo, nikasema.

— Wewe kijana nyamaza, una wavulana tu, huna hata binti.

— Yule mwalimu alitaka kuwaambia mwanamke ana mayai, Spika akadakia. Mayai! Kwani tumeoa kuku?

— Mayai yapo, akasema Daktari. Ila hayashiki mpaka msichana anenepe. Yacine mwembamba. Hiyo ni kinga.

— Na limau?

— Limau kila asubuhi. Tena asikalie kiti alichoinuka mvulana kabla hakijapoa.

Birahim alikuwa akitingisha kichwa kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani.

— Mimi nawaambia ni upepo wa jangwani, akasema Spika. Mwaka ule wa vumbi jingi, mabinti wangapi wa mtaa huu waliacha shule wakiwa na matumbo?

— Vumbi ndilo liliwapa?

— Kuna mwanamume yeyote uliyemwona akijitokeza? Basi ni vumbi.

Tulicheka. Kisha tukakumbuka kwamba binti wa Spika mwenyewe alikuwa mmoja wao, tukanywa kahawa. Spika akaongeza sauti ya redio.

— Akina Diop kwa woga! Daktari akarudi kwa Birahim, kwa ule utani wa koo za Ndiaye na Diop. Mtumwa wangu, unaogopa mtoto uliyemzaa?

— Ndiaye, rudi kwenye sinia lako la wali. Siogopi mimi. Wangu ametulia. Tangu mama yake aende Banjul kuuza vitambaa, hela ya pedi kila mwezi alikuwa akiniomba mimi, huku anautazama ukuta kwa haya. Siku hizi haombi tena. Nikajisemea, mtoto amekua. Ameona baba yake hana kitu.

— Mashallah, akasema Spika.

— Malezi hayo! akasema Daktari. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wako kajifunza mwenyewe.

— Mashallah, nikaitikia na mimi.

Penye jiko alikuwa amesimama dada mmoja, mgeni mtaani, mtoto mgongoni, akisubiri Mor amjazie mumewe kahawa kwenye chupa ya chai.

— Samahani, baba, akasema taratibu. Haombi tangu lini?

— Eh?

— Hizo hela. Tangu lini?

Birahim akaanza kuhesabu kwa vidole. Akatutazama mmoja mmoja, kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tukizitoa.

— Tabaski... Tabaski aliniomba? Nilinunua kondoo... viatu vyake... Hapana. Au kabla...

Mkono ukamshuka, ukaanza kupapasa ile ngozi pale ilipobaki wazi. Spika akazima redio. Daktari akatazama reli, kama kuna treni inakuja. Dada yule akapokea chupa yake, akamkaza mtoto mgongoni, akaenda zake.

Ng'ambo ya reli akatokea Yacine, amejifunga kitenge cha mama yake, kikubwa, amekifunga juu, karibu na kwapa.

— Baba! Chakula tayari!

Sote tulimtazama, mara moja. Kisha kila mtu akarudi kwenye kikombe chake.

— Nakuja, mwanangu.

Hakuinuka. Yacine alisubiri kidogo, mkono juu ya macho kwa ajili ya jua, halafu akageuka.

— Mor, kahawa imebaki?

Mor akainamisha birika mpaka mwisho. Likadondosha tope jeusi.

— Imekwisha, Baba Yacine.

Birahim akanyoosha kikombe vilevile.